Waya Uliokataa Mkasi

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Pongezi, mwezi ambao nchi jirani bado huuita Agosti. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua nyembamba ya baridi, na wingu lililokaa juu ya bomba la moshi la kiwanda lilikuwa la njano kama kiini cha yai. Redio ya taifa ilisoma habari za hali ya hewa kwa furaha. Wananchi waliarifiwa kwamba mvua hiyo ilikuwa bado haijazinduliwa, hivyo mtu yeyote asiikinge kwa ndoo, sufuria wala kiganja, mpaka Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu apate nafasi ya kuja kuikatia utepe.

Sikitu alisikia tangazo hilo akiwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Akairudisha ndoo ndani. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa ulimi nje. Matone machache yakamwangukia. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akajifunga kitambaa puani, akaenda kazini.

Nchi yenyewe si mbaya, na mtu asije akaisema vibaya kwa sababu ya habari hizi. Ina bendera, ina wimbo, na ina sheria moja inayofuatwa kikamilifu: kitu chochote kipya kisitumiwe kabla hakijazinduliwa. Sheria nyingine zipo pia, nzuri sana, ila bado hazijazinduliwa. Ndiyo maana mgeni akipita huko ataona kisima kipya kimezungushiwa utepe mwekundu, na pembeni yake akina mama wakichota maji kwenye dimbwi. Ataona daraja zuri lenye maua ya plastiki, na chini yake watu wakivuka mto na nguo zao kichwani. Hospitalini ataona vitanda vipya vimefunikwa nailoni, na wagonjwa wamelala sakafuni, chini ya vitanda hivyo, wakishukuru kwa kivuli. Watoto peke yao ndio huzaliwa bila kungoja, jambo ambalo serikali inasema inalifanyia kazi.

Kiwanda alichofanyia kazi Sikitu kilikuwa cha chumvi na tindikali. Katikati yake palikuwa na tangi kubwa la saruji, refu kwenda chini, na ndani yake maji makali ya moto ambayo wafanyakazi waliyaita Supu. Supu ilipochemka iliacha gamba gumu ukutani, na gamba lilipokuwa nene liliziba mabomba. Kwa hiyo kila siku ilibidi mtu aingie kwenye kikapu cha chuma, ateremshwe kwa waya mpaka karibu na Supu, akwangue gamba hilo kwa mwiko mrefu.

Mtu huyo alikuwa Kasiani, mume wa Sikitu. Na aliyezungusha mpini wa winchi, wa kumshusha na kumpandisha, alikuwa Sikitu mwenyewe. Uongozi uliwapanga hivyo kwa hekima, ukisema mke hatasinzia.

"Taratibu wewe mwanamke!" Kasiani alipiga kelele kutoka chini asubuhi hiyo. "Hujapakia viazi."

"Viazi vingekuwa vimenyamaza."

"Umeniamkia vibaya leo. Uji haukuwa na sukari, na sasa unanitikisa."

"Kwangua, baba. Kwangua upande wa kushoto, ukienda kulia kikapu kinainama."

Sikitu alipenda mumewe akimtania. Alipotania, ilikuwa na maana kwamba yuko hai na anapumua. Lakini macho ya Sikitu hayakuwa kwa mumewe. Yalikuwa kwenye waya. Waya ule wa zamani ulikuwa wa chuma cha kawaida, uliozinduliwa wakati wa Mzinduzi Mkuu aliyetangulia, na mvuke wa Supu ulikuwa umeula mpaka ukawa mwekundu na kutoa unga. Nyuzi zake nyingine zilikuwa zimesimama kama manyoya ya paka aliyekasirika. Kila ulipopita kwenye kapi, Sikitu aliufuata kwa kidole cha glavu na kuomba: Ee Bwana, shika pale ambapo mimi sifiki.

Ndipo akasikia, juu ya kapi, sauti ndogo: ti!

Uzi mmoja ulikuwa umekatika.

"Nini hicho?" Kasiani aliuliza.

"Ndege," Sikitu alisema, akaanza kumpandisha.

*

Jambo la kusikitisha ni kwamba waya mpya ulikuwepo. Ulikuwa umefika wiki kadhaa nyuma kutoka ng'ambo, umeviringishwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, ukawekwa uani karibu na mlango wa stoo. Ulikuwa mweupe, unang'aa, na baridi hata jua lilipokuwa kali. Injinia Chilongola, aliyehangaika miaka mingi ili uagizwe, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwamba huo ni waya wa chuma cha pua kisichoshika kutu, wa aina iitwayo dupleksi. Ndani yake mna chuma cha namna mbili zilizokua pamoja, nusu kwa nusu. Namna moja huupa nguvu ya kubeba, na nyingine huzuia chumvi isiutoboe.

"Supu itaulamba mpaka ichoke," alisema, na machozi yakamlenga.

Kasiani aliuzunguka ule waya kama bwana harusi. "Mke wangu, pole," alisema. "Umeletewa mke mwenza."

"Mwenzangu huyo namkaribisha kwa mikono miwili," Sikitu alijibu. "Hata chumba nampa."

Lakini waya ulikuwa mpya, na kitu kipya kina taratibu zake. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Festo Kidabwa, Mkurugenzi wa Uzinduzi wa Mkoa, mtu aliyevaa suti yenye mifuko mingi na katika kila mfuko kipande cha utepe alichowahi kuokota. Kamati ilikutana uani, mbele ya waya wenyewe. Sikitu na Kasiani waliitwa kama wadau, yaani walipewa soda na kunyimwa nafasi ya kusema.

"Injinia," alisema Mkurugenzi Kidabwa, "umetueleza kwamba humu mna chuma cha namna mbili. Kamati ingependa kujua: kati ya hizo mbili, mwenyekiti ni ipi?"

"Hakuna mwenyekiti, Mkurugenzi. Zinafanya kazi pamoja."

Wajumbe walitazamana kwa wasiwasi. Jambo hilo likaachwa kwanza.

"Tuje kwenye utepe," aliendelea Mkurugenzi. "Ndugu wajumbe, waya huu umevuka bahari. Waya huu ni fahari ya taifa. Je, tuufungie kitambaa chekundu kama tunavyofungia bomba la maji? Mimi nasema hapana! Waya wenyewe uwe utepe! Mheshimiwa aukate wenyewe, moja kwa moja, bila mtu wa kati!"

Makofi yakapigwa. Injinia Chilongola akanyoosha mkono.

"Mkurugenzi, samahani. Huu hautakatika kwa mkasi."

"Injinia. Katika nchi hii, Mheshimiwa amewahi kushindwa kukata nini?"

Injinia alifikiri. Akachukua soda yake, akainywa yote bila kupumua.

*

Siku ya uzinduzi, maturubai yalifungwa tangu alfajiri. Ngoma zikaja, kwaya ikaja, mshereheshaji akaja na koti la rangi ya machungwa. Waya mweupe ulinyooshwa kati ya nguzo mbili, katikati ukafungwa ua la kitambaa cha waridi. Sikitu na Kasiani walisimama mstari wa mbele na sare mpya ambazo ilibidi wazivue jioni, kwa kuwa nazo zilikuwa hazijazinduliwa.

Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu alishuka garini. Alikuwa mzee mfupi mwenye uso wa upole, na bega lake la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto kwa sababu ya kukata. Akaletewa mkasi wa dhahabu juu ya mto mdogo. Katika nchi hiyo kila mkasi hukata mara moja tu, kisha hupelekwa Makumbusho ya Taifa, na mkasi mwingine hungoja zamu yake ya kuzinduliwa kwanza ndipo uzindue.

"Tatu! Mbili! Moja!" alipaza sauti mshereheshaji.

Mkasi ukafumba. Ukatoa sauti kama jino linalosaga mchanga. Waya haukukatika.

"Tatu! Mbili! Moja!" mshereheshaji alirudia, kana kwamba mara ya kwanza ilikuwa mazoezi.

Mheshimiwa alibana tena. Akabadilisha mkono. Akaweka mguu juu ya nguzo. Walinzi wawili wakamsaidia, mmoja akisukuma huku na mwingine kule, wakihema. Mkasi wa dhahabu ukalia ka!, nusu yake ikaruka na kutumbukia kwenye chombo cha maua. Waya ulibaki na alama ndogo, kama ukucha umepita kwenye sabuni. Kwaya, ambayo haikuwa imepewa maelekezo mengine, iliendelea kuimba.

Karibu na Sikitu, Injinia Chilongola alikuwa akinong'ona kwa furaha ambayo hakuweza kuizuia. "Mmeuona? Mmeuona? Hiyo ndiyo sifa yake!"

Mheshimiwa akashika maikrofoni.

"Ndugu wananchi. Nimekata barabara, nimekata hospitali, nimekata uwanja wa ndege ambao ndege zake bado hazijanunuliwa. Vyote vilinipokea kwa heshima. Nimekuja kwa waya huu na mapenzi mema, na mmeona wenyewe ulivyonijibu. Mimi sina kinyongo. Ila najiuliza: ni nani yuko nyuma ya waya huu?"

Watu wote wakageuka kutazama nyuma ya waya. Palikuwa na Injinia.

Jioni hiyo waya ulitangazwa kuwa umekaidi. Ukaviringishwa tena kwenye gurudumu lake, ukazungushiwa uzio, na askari mwenye bunduki akawekwa kuulinda usitoroke. Injinia Chilongola alihamishiwa idara ya hali ya hewa, akapewa kazi ya kusimamia mvua ambazo hazijazinduliwa. Na kesho yake asubuhi Kasiani akaingia kikapuni, na Sikitu akamshusha kwa waya ule ule mwekundu.

*

Siku zile zilizofuata zilikuwa mbaya. Nyuzi zilikatika wakati wa kushuka na wakati wa kupanda. Siku moja kikapu kiliinama ghafla, mwiko wa Kasiani ukaanguka, na Supu ikaumeza kwa sauti ya kukaanga. Kasiani alipopandishwa, alikaa kwenye sakafu ya jukwaa akiwa ameshika vyuma vya kikapu, na ilibidi Sikitu amfungue vidole kimoja kimoja.

Tangu hapo hakutania tena. Alishuka kimya na kupanda kimya, na kimya hicho kilimtesa Sikitu kuliko sauti ya nyuzi.

"Tuache kazi," alimwambia wakiwa wanakula.

"Twende wapi? Shamba letu limepandwa bango la uzinduzi wa shamba." Kasiani alisukuma sahani. Hakuwa amekula. "Sikitu. Nikidondoka, usichungulie."

"Usiseme hivyo."

"Nasema nikiwa na akili zangu. Usichungulie. Nikumbuke nilivyo leo hapa, nimekaa kwenye kigoda."

Sikitu alikwenda nyuma ya nyumba akapiga magoti kwenye matope. Alikuwa mtu wa kuomba tangu utoto. Aliombea mvua, aliombea wagonjwa wa jumuiya, aliombea hata viongozi kwa majina. Siku hiyo hakupata maneno. Alisema tu: Bwana, unaona. Bwana, unaona. Akasema hivyo mpaka magoti yakafa ganzi.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda Ofisi ya Uzinduzi ya Mkoa. Lilikuwa jengo la ghorofa, na watumishi walifanyia kazi kwenye ngazi za nje, kwa kuwa meza mpya za ndani zilikuwa hazijazinduliwa. Mama wa mapokezi alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa nyuma yake, kimefungwa utepe.

"Shikamoo mama," Sikitu alisema.

"Marahaba mwanangu. Una kitu cha kuzinduliwa?"

"Nina mume."

"Mume huyo ni mpya?"

"Hapana mama, ni wa zamani, na namtaka awe wa zamani zaidi. Anashushwa kwenye tangi kwa waya uliooza. Waya mzuri upo uani, unalindwa kwa bunduki. Naomba tu tuufunge. Hata kwa siku za kazi tu, tunaufungua Jumapili."

Mama wa mapokezi alimtazama kwa huruma ya kweli. Akamwonyesha mlango wa ofisi, uliokuwa wazi, ukipigapiga kwa upepo.

"Unauona mlango huu? Hauna kitasa. Cha zamani kilivunjika nikiwa bado msichana. Kipya kipo kabatini humo, kizuri, kinang'aa. Kinangoja zamu. Mbele yake kuna kisima, daraja, vitanda vya hospitali, mvua, na hiki kiti changu. Mwanangu, ninastaafu mwakani, na sijawahi kukikalia."

"Basi nifanye nini, mama yangu?"

"Wewe ni mtu wa sala?"

"Ndiyo."

"Basi sali. Ngazi za huku zina kivuli."

Sikitu akapiga magoti kwenye ngazi, mbele ya wote. Hakuona haya tena. Na kabla hajasema amina, mlango ule usio na kitasa ulisukumwa, Mkurugenzi Kidabwa akatoka akikimbia, uso unang'aa.

"Wewe si mdau wa winchi?" alisema. "Inuka mama, inuka! Maombi yako yamesikika! Tumepata ufumbuzi. Ijumaa Mheshimiwa anakuja tena, na safari hii utakatika!"

Sikitu alimshika mikono, akailowesha kwa machozi. Njia nzima hadi nyumbani aliimba. Alimwambia Kasiani, na Kasiani akala sahani nzima, akadai chumvi imezidi.

*

Ijumaa mvua haikunyesha. Maturubai yalikuwa yale yale, kwaya ile ile. Sikitu alifika mapema kwenye jukwaa la tangi apate kuufungua waya wa zamani, akakuta umeshafunguliwa na kupelekwa Makumbusho. Akafurahi. Kisha akatazama uani. Gurudumu la mbao lilikuwa bado ndani ya uzio, na askari bado alikuwa amesimama.

Chini ya hema, kati ya nguzo mbili, palinyooshwa kitu cheupe kinachong'aa. Sikitu alikisogelea. Kilikuwa kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, iliyopakwa rangi ya fedha. Rangi ilikuwa bado mbichi.

"Ni ya kukatwa tu," alijiambia. "Ni ya sherehe. Wakishakata watatupa waya wetu."

Mheshimiwa alikuja, akaletewa mkasi mpya. Alikata mara moja, kamba ikakatika kama mkate. Watu walishangilia mpaka wengine wakalia. Mheshimiwa naye alilia. Alisema waya umetubu. Alisema hana kinyongo. Alisema leo taifa limeingia katika zama za chuma kisichoshika kutu, na vidole vyake, alipovinyanyua kubariki, vilikuwa vya fedha.

Mkasi ukapelekwa Makumbusho kwa gari lenye king'ora. Kisha Mkurugenzi Kidabwa akasimama kusoma kifungu cha sheria.

"Kilichokatwa ndicho kilichozinduliwa. Na kilichozinduliwa ndicho kitakachotumika, na si kingine."

Mafundi wakachukua vile vipande viwili vya kamba. Kwa kuwa vilikuwa vimekatwa, wakavifunga fundo. Wakapitisha kamba kwenye kapi. Wakafunga kikapu.

"Mkurugenzi," Sikitu alisema. "Mkurugenzi, hiyo ni katani."

"Ilikuwa katani, mama. Sasa ni dupleksi. Umesikia hotuba."

"Mvuke utaila kabla mume wangu hajafika katikati. Baba yangu, nakuomba, nakusihi kwa jina la Mungu..."

"Mpiga picha anangoja," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Na kama mumeo hataki, kuna vijana wengi getini wanaotaka."

Kasiani alikuwa ameshaingia kikapuni. Hakumtazama mkewe. Alitazama lile fundo.

Sikitu akashika mpini. Alishusha kidogo. Fundo lilifika kwenye kapi, likakwama, likapita kwa kishindo, na kikapu kikaruka. Mvuke ukapanda. Rangi ya fedha ikaanza kutoka, ikachuruzika kwenye kamba kama jasho, na chini yake katani ikawa ya kahawia, kisha nyeusi. Harufu ya gunia linaloungua ikampiga puani.

"Sikitu," Kasiani aliita kutoka chini, polepole, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Mama watoto. Inalia."

Alimpandisha. Hakuomba wakati huo, mikono ndiyo iliyoomba. Alizungusha mpini mpaka bega likataka kutoka, na aliposikia kikapu kimegonga jukwaa alikimbia akamvuta mumewe kwa kola ya sare. Kamba karibu na kikapu ilikuwa imebaki unene wa kidole kidogo.

Watu walipiga makofi. Walikuwa wamefundishwa kupiga makofi kila mtu anapopanda.

"Vizuri sana!" alisema Mkurugenzi Kidabwa. "Ila mpiga picha anasema kofia ya mtu ilimziba. Itabidi turudie. Mshusheni tena."

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho Sikitu hakukitegemea. Kasiani alifuta uso kwa kiganja, akageuka, akainua mguu kuurudisha kikapuni. Hakubishana. Hakuuliza. Mguu wenyewe tu ulikuwa umezoea, ukainuka. Na Sikitu aliyeweza kuvumilia amri, na hotuba, na kamba ya mbuzi, hakuweza kuuvumilia mguu ule.

Akarudi kwenye winchi. Akavuta pini. Akauchomoa mpini, chuma kirefu kilicholainishwa na mikono yake mwenyewe kwa miaka, akaubeba kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto wa kubatizwa, akauachia juu ya tangi.

Supu ikaupokea kwa sauti ya kukaanga.

Kwaya ilinyamaza, ingawa hakuna aliyeiambia.

"Leteni mpini mwingine!" alifoka Mkurugenzi.

"Upo stoo, Mkurugenzi," alisema mtunza stoo. "Upo mzuri tu, uko kwenye karatasi yake." Kisha akashusha sauti. "Mpya."

Hakuna aliyesogea. Mkurugenzi alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alitazama mto mdogo uliobaki mtupu. Mbali barabarani, king'ora cha gari la Makumbusho kilikuwa kikififia. Mama wa mapokezi, aliyekuwa ameletwa na basi la watumishi kujaza viti, alisikika akisema kwa sauti ya mtu anayehesabu kichwani: "Kisima, daraja, vitanda, mvua, kiti, kitasa..."

Askari wawili wakamshika Sikitu mikono. Hakujivuta. Kasiani alisogea karibu, miguu yake yote miwili ikiwa sakafuni, akanong'ona: "Tutakula nini, mke wangu?"

"Sijui," alisema. Na kweli hakujua. Alijua tu kwamba kiwanda kitasimama, kwamba getini watu watamlaani, kwamba usiku huo hatalala kwake.

Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu alimkaribia. Uso wake ulikuwa wa upole kama siku zote.

"Mama, sisi hatupendi kumtesa mtu," alisema. "Tunataka amani. Ahidi tu hapa, mbele ya umma, kwa sauti, kwamba umekosa na hutarudia. Halafu urudi nyumbani."

Mshereheshaji mwenye koti la machungwa akamwekea maikrofoni mdomoni. Watu wote wakasimama. Hata yule askari wa uani alisogea kwenye uzio apate kusikia, na nyuma yake waya mweupe uling'aa ndani ya gurudumu lake, hauna doa.

Sikitu akafumba macho. Bwana, unaona. Akayafumbua.

"Naahidi," alisema, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka getini. "Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu nyote mliokuja kuona. Mpini mtakaouleta, uzinduliwe usizinduliwe, nitautupa humo humo. Mkinifunga, nikitoka nitakuja kuutupa. Mpaka waya ule pale ufungwe hapa, na mume wangu ashuke akinitania."